Kidevu Kilichofungwa

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, nami nikashukuru, ingawa mpaka leo sijaelewa mtu aliyestaafu anapewa saa ya nini. Mkaniomba pia niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, ili wauguzi wapya wasome. Nimekaa na ombi hilo hapa nyumbani, mtaa wa Malindi karibu na bandari, kwa wiki nyingi. Vyeo sitavitaja, vilikuja vichache na kwa kuchelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya pumzi. Ndiyo kazi niliyoifundisha kuliko zote, na ndiyo niliyoshindwa kuifanya siku moja iliyotakiwa.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na mmoja, katika chumba cha dharura hapa mjini. Aliyenipokea ni Bwana Khatibu, muuguzi wa makamo, mwembamba, mtu wa mtaa wa Ng'ambo, ambaye hakupenda maneno mengi asubuhi wala jioni. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vilivyonibana, nikitegemea kuonyeshwa kabati la dawa. Badala yake aliniamuru, mbele ya wauguzi wenzangu wawili waliokuwa wakicheka chinichini, nilale juu ya kitanda cha wagonjwa. Akaniambia nishushe kidevu mpaka kiguse kifua, kisha nivute pumzi kwa mdomo. Ilikuja kwa taabu, na mkoromo juu yake. Akaniambia nirudishe kichwa nyuma, kidevu kitazame juu. Pumzi ikaingia yenyewe.

"Umeona?" akasema. "Fungua mlango kwanza. Mgeni atapita wapi?"

Mengine yote niliyoyafundisha kwa miaka thelathini na kitu yametoka kwenye maneno hayo. Mtu aliyepoteza fahamu ulimi wake hulegea, ukaangukia nyuma na kuziba koo. Kwa hiyo mkono mmoja uweke kwenye paji la uso, vidole viwili vya mkono wa pili chini ya mfupa wa kidevu, kichwa ukirudishe nyuma na kidevu ukiinue. Mbane pua. Vuta pumzi ya kawaida, mfunike mdomo wake kwa mdomo wako pasibaki upenyo, umpulizie kwa muda wa kutamka "moja" polepole. Jicho lako liwe kwenye kifua chake. Kikipanda, imetosha, ondoa mdomo, kiache kishuke, kisha mpe ya pili, urudi kubonyeza kifua mara thelathini. Kisipopanda, usiongeze nguvu. Mlango haujafunguka, basi rekebisha kichwa.

Nilimuuliza Bwana Khatibu vipi hewa niliyokwisha kuitumia mimi imfae mtu mwingine. Akanijibu kwamba hatuitumii yote, na tunayoitoa bado ina kitu cha kumngojesha mtu mpaka msaada ufike. Neno hilo la kumngojesha nililipenda. Baadaye, nilipoanza kufundisha wachukuzi wa bandarini, nilikosea siku ya kwanza nikasema tunajifunza kufufua, na mzee mmoja akainuka akasema astaghfirullah, kufufua ni kazi ya Mungu. Nikamwambia ana haki, sisi tunangojesha tu. Akakaa.

Kosa langu la kwanza lilitokea Malindi hapahapa. Abiria mmoja alishuka kwenye boti ya Dar es Salaam, akaanguka, akaacha kupumua ingawa moyo wake bado ulikuwa ukipiga. Nilikuwa napita kwenda kazini. Nikampulizia kwa nguvu zangu zote, kama anayewasha kuni mbichi, na hewa badala ya kwenda kwenye mapafu ikaenda tumboni. Tumbo likairudisha pamoja na wali wote aliokula njiani, na wote ukaishia kwenye sare yangu. Nikamgeuza ubavu, nikamfuta mdomo, nikaanza upya, safari hii kwa upole, mpaka akavuta pumzi yake mwenyewe. Abiria yule alipona, na kwa miaka mingi kila akiniona alikuwa akiniuliza kama ule wali ulikolea chumvi.

Baada ya miaka minne nikapelekwa kusini mashariki, kwenye kituo kidogo cha afya jirani na Paje. Bwana Khatibu alinipa begi la kupumulia, lile la mpira lenye barakoa yake, unalolikamua kwa mkono badala ya kupuliza kwa mdomo. Lilikuwa la zamani, lina kiraka ubavuni. Nikalitia katika mfuko wa kitambaa na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba changu cha kazi, mahali ambapo mkono ungelifikia bila macho kulitafuta.

Huko nilimzoea msichana aliyeitwa Riziki. Alikuwa na miaka kama ishirini na mbili, na alikuwa na kifafa. Kila mwezi alikuja kuchukua dawa zake, na kila mwezi aliniuliza nitaolewa lini, maana yeye keshaolewa na mimi nimempita kwa umri. Nilimjibu kwamba nangoja aliyekula wali wa kutosha. Alikuwa akilima mwani pamoja na mama yake, Bi Mize. Mnajua kazi ile: maji yakitoka, wanawake wanashuka mbali pwani, wanafunga mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi, wameinama tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi. Nilimwambia Riziki asishuke peke yake na asikose dawa hata siku moja. Alinicheka tu. Mwezi mmoja wa mavuno hakuja kuchukua dawa, nami nikajisemea atakuja kesho.

Siku ile ilikuwa adhuhuri, maji yameanza kurudi. Mwanamke mmoja alikuja mbio mpaka mlangoni, nguo zimemrowa mpaka kifuani, akasema Riziki ameanguka majini. Nikalitwaa begi kwenye msumari, nikakimbia naye. Siyo mbali, mtu akikimbia hata chai haijapoa.

Nilipofika walikuwa wamekwisha kumtoa. Walikuwa wamemlaza kwenye mchanga mkavu, pembeni ya mwani ulioanikwa, uso umeelekezwa kibla. Miguu ilikuwa imenyooshwa na kufungwa vidole gumba. Macho yalikuwa yamefumbwa. Na kidevu kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha khanga kilichopita chini ya taya na kupanda juu mpaka utosini, na huko juu fundo limekazwa vizuri, mdomo umekaa barabara. Wazee wa kike walikuwa wanasoma. Bi Mize alikuwa amekaa kichwani pa mwanawe, mikono yake bado ina mchanga.

Wasomaji wa dini nyingine huenda wasijue, kwa hiyo nieleze. Kwetu maiti hufumbwa macho na kufungwa kidevu mapema, kabla mwili haujakaza, ili asibaki mdomo wazi. Ni heshima ya mwisho, na anayeifanya huwa ni mtu wa karibu kabisa. Ni mila nzuri. Kila aliyekwisha kumwona maiti aliyesahauliwa kufungwa anajua kwa nini.

Nikapiga magoti. Nikashika mkono wake, hapa kwenye kifundo cha mkono, wala siyo shingoni kama nilivyofundishwa. Ulikuwa wa baridi, na baridi ile ilikuwa ya maji ya bahari, lakini sikuifikiria. Sikuhisi kitu. Sikuuliza ametolewa majini muda gani. Sikuweka sikio mdomoni, kwa kuwa mdomo ulikuwa umefungwa. Niliona lile fundo na nikaliamini. Nilikuwa msichana wa mjini, mgeni, na mbele yangu alikuwa mama mtu mzima aliyekwisha kusema kwa mikono yake kwamba mwanawe amekufa. Ningemfunguaje? Nikasema poleni, Mungu amrehemu. Begi halikutoka hata kwenye mfuko wake.

Nikarudi kituoni nikaandika katika daftari: amekutwa amefariki. Hakuna aliyeniuliza neno, na huzuni yangu siku ile ilikuwa ya kawaida, ya kumpoteza msichana niliyempenda.

Siku ya tatu, kwenye hitima, nilikaa jikoni na wanawake tukichambua mchele. Mmoja wa waliomtoa majini alikuwa akisimulia kwa wenzake mauti ya Riziki yalivyokuwa mepesi. Akasema walipokuwa wakimbeba kutoka majini alivuta pumzi kama mara mbili tatu hivi, kwa kukwama, kama mwenye kwikwi, na walipomlaza akavuta tena moja. Wakajua anakata roho, wakamsomea shahada, na mama yake akawahi kumfunga. Mimi nikaja dakika hiyohiyo, hata hawajammaliza kumsomea.

Ungo ulinitoka mkononi. Wenzangu, nyinyi mnajua pumzi ile ni nini. Siyo kupumua, lakini siyo kufa pia. Ni mwili unaobisha hodi kwa mara ya mwisho. Mtu aliyezama anakufa kwa kukosa hewa, na dawa yake ya kwanza ni hewa: umfungue, umpe pumzi hata kabla ya kubonyeza kifua. Nilikuwa nayo mkononi, ndani ya mfuko, na sikumpa. Nililia pale jikoni, na wale wanawake wakanibembeleza wakidhani nalilia kama wao. Niliona aibu kubembelezwa, na sikuthubutu kuwaambia kwa nini.

Wiki iliyofuata nilipanda gari mpaka mjini, nikamweleza Bwana Khatibu yote. Alikuwa akiosha vyombo vya chuma, na hakuacha kuosha mpaka nilipomaliza.

"Uliinua kidevu?" akaniuliza.

"Sikuinua."

"Basi hutajua."

Nilikuwa nimetegemea anikaripie au anifariji. Hakufanya lolote katika hayo. Alikausha chombo kimoja mbele yangu, akakiweka kabatini, akasema kwamba wanaokufa mikononi mwetu tukiwa tumefanya yote watatuacha tulale, na wengine hawatatuacha, na kwamba mtu wa namna yangu sasa afundishe.

Nikafundisha. Nilianza na wahudumu wa kituo, kisha nikarudishwa mjini na kupewa kazi hiyo rasmi. Nimefundisha wachukuzi na mabaharia wa boti hapa Malindi, walimu, wazima moto, walinzi wa uwanjani Amani, vijana wa Paje wanaowafundisha wageni kupaa na tiara juu ya maji. Tulikuwa na mwanasesere mmoja wa mpira asiye na miguu, ambaye wachukuzi walimpa jina la Bi Harusi. Mwanamume mzima anayebeba magunia mawili kwa pamoja anaona haya kuweka mdomo kwenye mpira. Mmoja aliniambia mkewe akisikia hatamwelewa. Nikamwambia siku mkewe atakapoanguka, ataelewa vizuri sana. Kila baada ya mtu mmoja tuliufuta mdomo wa Bi Harusi kwa spiriti, na mpaka leo nikinusa spiriti nasikia vicheko vya watu wale.

Kila darasa niliwakataza mambo mawili. La kwanza, msimning'inize mtu aliyezama kichwa chini, wala msimbonyeze tumbo ili maji yatoke. Mnapoteza muda, na kinachotoka ni chakula. La pili niliwaeleza kwa kisa. Nilisema palikuwa na msichana aliyetolewa majini akiwa bado anatweta, akafungwa kidevu, na muuguzi aliyefika akaliogopa fundo. Sikutaja jina la mtu wala la kijiji. Nilisema muuguzi mmoja. Nilikisema kisa hicho mara nyingi hata kikawa hakinichomi tena nikiwa nakisema. Kilinichoma baadaye, nikiwa natia vyombo kwenye sanduku.

Kiasi cha miaka ishirini baadaye niliitwa kuwafundisha wakulima wa mwani Paje, katika banda wanalohifadhia mazao yao. Walikuja wanawake kama thelathini. Mbele kabisa alikaa bibi mmoja mdogo wa mwili, ameinama mgongo, mtandio umemfunika nusu ya uso. Alikuwa akisikiliza vizuri kuliko wote. Nikatoa somo langu, nikafika kwenye kisa cha fundo, nikamaliza kama kawaida: kidevu kinafungwa baada ya kuhakikisha, siyo kabla. Mkono wa yule bibi ukanyanyuka.

"Sista, na yule aliyefungwa, angeweza kuzinduka?"

Sauti ndiyo niliyoitambua. Nikamwangalia, nikaona ni Bi Mize. Nilisimama pale na barakoa mkononi. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikijificha nyuma ya "muuguzi mmoja", na sikuwahi hata mara moja kufikiria kwamba nyuma ya "akafungwa" palikuwa pamekaa mama mtu. Majuto ni mjukuu, lakini mimi nilikuwa nimemwachia mwenzangu amlee peke yake bila kumjua. Nikawaomba wengine watoke kidogo wanyooshe miguu. Walipotoka nikaketi chini mbele yake.

"Muuguzi yule ni mie, Bi Mize," nikamwambia. "Nilifika bado mapema. Nilikuwa na begi. Nililiona fundo, nikaliacha."

"Fundo nilifunga mie."

"Ulifunga mwanao kwa kumpenda, na hujafundishwa. Mie nshafundishwa. Kulifungua ilikuwa kazi yangu."

Alikunja upindo wa mtandio wake, akaukunjua. Nje wanawake walikuwa wanacheka jambo lao. Kisha akaniuliza tena, taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kukinunua.

"Ungelifungua, angezinduka?"

Ningeweza kumwambia la. Ingekuwa sadaka, na hakuna mtu ambaye angenisuta. Lakini nilikuwa nimekwisha kumdanganya mara moja kwa kunyamaza.

"Sijui, Bi Mize. Wallahi sijui, na sitajua."

Akajikusanya, akainuka, akatoka. Nikajua nimemuua mwanawe mara ya pili. Nilikuwa naanza kumlaza Bi Harusi kwenye sanduku lake nilipoona kivuli mlangoni. Alikuwa amerudi, uso umelowa maji ya kunawa.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwonyesha. Alipiga magoti kwa shida, akaweka mkono kwenye paji la mwanasesere, akakiinua kidevu kwa vidole viwili vilivyokunjika kwa kazi ya kamba. Pumzi ya kwanza ilivuja pembeni. Ya pili haikupandisha kitu. Nikamrekebisha kichwa. Ya tatu ikaingia, kifua cha mpira kikapanda, akaondoa mdomo wake akakitazama kikishuka mpaka chini.

"Ndo hivi tu?" akaniuliza.

"Ndo hivi tu, Bi."

Hapo ndipo alipolia, nami nikalia pamoja naye, na hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Tangu siku hiyo kila nilipokwenda Paje kufundisha, Bi Mize alikuwa wa kwanza kufika. Kile kisa sikukisema tena mimi. Alikisema yeye, kwa jina la mwanawe, na alikisema kwa maneno machache kuliko yangu. Wanawake wa kule wakaacha kukimbilia khanga. Mtoto mmoja wa jirani yao aliwahi kutolewa kisimani wakampa pumzi, akapona, na Bi Mize alinipigia simu kunieleza. Alieleza vizuri kabisa hadi mwisho, akaniaga, kisha hakukata simu. Nami sikukata, kila mmoja wetu anamfikiria Riziki.

Mara ya mwisho nilipofundisha kule alinishika mkono tukitoka. Akaniambia siku yake ikifika nimfunge mimi, wasimfunge wengine. Nikamuuliza kama atataka nimpe pumzi. "La," akasema. "Mie mtu mzima, n'nakwenda kwa mwanangu. Hakikisha tu." Wauguzi wapya lazima mlijue hili pia: siyo kila anayeacha kupumua anadai kungojeshwa. Mzee aliyemaliza safari yake kwa maradhi, na amekwisha kusema analotaka, muacheni aende.

Mwezi wa pili baada ya kustaafu kwangu jamaa za Bi Mize walinipigia simu kwamba amezidiwa. Nikakaa naye siku mbili, chumbani kwake, na mpwa wake wa kike anayeitwa Asya, msichana aliyeanza masomo ya uuguzi mwaka huu. Alasiri ya siku ya pili, tukiwa tunamkumbusha shahada, pumzi ya Bi Mize ilitoka na haikurudi. Asya alikuwa amekwisha kuchana ukanda wa khanga, akaushika mkononi akinitazama.

Niliinama. Nikakiinua kidevu chake kwa vidole viwili, nikaweka sikio langu karibu na mdomo wake, macho yangu kwenye kifua, vidole vyangu vingine shingoni, nikahesabu mpaka kumi. Palikuwa kimya. Nikahesabu tena mpaka kumi. Nikaanza mara ya tatu.

"Sista," Asya akaninong'oneza, "mbona unahesabu tena? Keshatangulia."

"Mara hii nataka nijue," nikamwambia.

Nilipofika kumi nikapokea ule ukanda, nikamfunga.